Prosesa ya Zamani kwa Kompyuta ya Gemu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya naulizwa karibu kila wiki, mengi yakiletwa na mtu aliyesimama dukani, kashika simu, kanipigia picha mashine ya mtumba na muuzaji anamsubiri. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mmoja kati ya kumi. Bei sikuweka, maana hubadilika kila kontena linapofunguliwa.

## Misingi

Si kadi ya picha ndiyo inayocheza gemu? Prosesa inahusika vipi?

Kadi ya picha huchora. Prosesa ndiyo inayoamua kichorwe nini: mpira umefika wapi, beki anakimbilia upande gani, risasi imempata nani. Ikishaamua, huikabidhi kadi orodha ya vitu vya kuchora kwenye fremu inayofuata, yaani picha moja kati ya nyingi zinazopita kila sekunde. Orodha ikichelewa, kadi inakaa bure hata kama uliinunua kwa mkopo. Ndiyo maana mtu ana kadi nzuri tu, lakini akiingia katikati ya mji kwenye GTA V gari linaanza kushtuka-shtuka.

Jambo la kukumbuka: ukishusha ubora wa picha unaipunguzia mzigo kadi, si prosesa. Vitu vinavyoigusa prosesa kwenye mipangilio ni vichache, hasa wingi wa watu na magari barabarani na umbali ambao vitu vinaanza kuonekana.

Mashine yangu ni i7. Kwa nini inazidiwa na i3 ya jirani?

Kwa sababu i3, i5 na i7 ni vyeo ndani ya kizazi kimoja, na cheo cha mwaka 2011 hakina mamlaka mwaka 2020. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. i7-2600 ni kizazi cha 2, cha mwaka 2011. i5-8500 ni kizazi cha 8. i3-10100 ni kizazi cha 10, cha mwaka 2020.

i7-2600 na i3-10100 zote zina viini vinne na nyuzi nane. Kwenye karatasi ni mapacha. Lakini i3 hiyo hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa, hupanda hadi GHz 4.3 wakati i7 inaishia 3.8, na hutumia RAM ya DDR4, aina mpya zaidi ya kumbukumbu. Hiyo i3 kwa kweli inakaribiana na i7 za vizazi vya 6 na 7.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni i7, kaka", jibu lako liwe "ya ngapi?" Na usiiamini stika ya nje. Mimi niliwahi kubeba mashine yenye stika ya i7 hadi nyumbani, kuifungua nikakuta i5-2400. Stika zinauzwa kwa karatasi nzima, kama za daladala.

Viini na nyuzi ni nini, na vingapi vinatosha?

Kiini ni fundi mmoja ndani ya prosesa. Uzi ni foleni ya kazi anayoihudumia. Prosesa nyingine humpa kila fundi foleni mbili, ili anaposubiri vifaa kwenye hii ashughulikie ile. Inasaidia, ila haimfanyi fundi mmoja kuwa wawili.

Kwa gemu za mashindano zilizo nyepesi, viini vinne vya kizazi kizuri bado vinakwenda. Counter-Strike 2 huanzia nyuzi nne. Kwa gemu kubwa za miaka ya karibuni, viini vinne bila nyuzi za ziada ndipo mateso yanapoanza: wastani wa fremu unaonekana mzuri, lakini kila baada ya sekunde chache picha inakwama. Viini sita na nyuzi kumi na mbili ndicho kiwango ninachokilenga leo kwa mtu asiyetaka kubadilisha tena mwakani.

Herufi za mwishoni zina maana gani?

Upande wa Intel, K maana yake unaweza kuiongezea kasi kwa mkono. F haina kadi ya picha ya ndani, kwa hiyo bila kadi ya nje hupati picha kabisa. T ni ya kubana umeme, na hiyo ndiyo inayowaumiza watu: i5-6500 huanzia GHz 3.2, ndugu yake i5-6500T huanzia 2.5 kwa sababu imefungwa kwenye wati 35. Jina ni lilelile isipokuwa herufi moja, na tofauti utaiona kwenye gemu.

Upande wa AMD, G ina kadi ya picha ya ndani iliyo bora kuliko ya Intel ya wakati huo, na X ina kasi ya juu kidogo kuliko isiyo na X.

## Kuchagua

Kati ya Intel za zamani, nianzie kizazi cha ngapi?

Cha 8 kama mfuko unaruhusu. Hapo ndipo i5 ilipopanda kutoka viini vinne hadi sita, na ndipo orodha ya Windows 11 inapoanzia (tazama sehemu ya Windows). i5-8400 na i5-8500 zimejaa kwenye mashine za ofisi na zinabeba kadi za daraja la kati bila kulalamika.

Kizazi cha 6 na cha 7 ni cha kati kwa kati. i5-6500 ina viini vinne na nyuzi nne tu. i7-6700 ina nyuzi nane na bado inajikaza; Cyberpunk 2077 huitaja kama kiwango cha chini. Ila mara nyingi bei ya i7-6700 ya mtumba inakuwa jirani na ya mashine nzima ya kizazi cha 8, na hapo sioni sababu ya kuichukua.

Kizazi cha 4, yaani i5-4590, i7-4770 na wenzake, ndicho cha mwisho ninachoweza kumshauri mtu akitoe hela, na awe anajua anachokwenda kucheza: gemu za kabla ya 2020 na zile nyepesi za mtandaoni. Cha 2 na cha 3 chukua ukipewa bure. Si kwamba hazichezi. GTA V ya mwaka 2015 iliipendekeza i5-3470, na bado inaicheza. Lakini toleo lake jipya la mwaka 2025 linataka angalau i7-4770 na kupendekeza i5-9600K au Ryzen 5 3600. Gemu ni ileile, mji ni uleule, mahitaji yamehama.

Na AMD je? Kwa nini kila mtu anasema AM4?

Kwa sababu AM4 ni soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye madabodi (ubao mkuu wa mashine), na soketi hiyo moja imebeba prosesa kuanzia Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017 hadi Ryzen 5 5600 na Ryzen 7 5800X3D za mwaka 2022. Unaweza kuanza na madabodi ya B450 na Ryzen 5 2600 ya mtumba, ukacheza miaka miwili, kisha ukaitoa ukaweka 5600 bila kugusa RAM wala madabodi. Intel hakuna mlango kama huo. Kwake, kila vizazi viwili hivi unahama nyumba.

Kama naijenga kutoka sifuri kwa bajeti ndogo, bila kurithi mashine ya ofisi, Ryzen 5 3600 ndiyo chaguo langu la kwanza: viini sita, nyuzi kumi na mbili, wati 65. Assassin's Creed Shadows ya 2025 huitaja kama kiwango cha chini, kwa hiyo ujue upo mwisho wa mstari, lakini upo ndani. 5600 ni bora waziwazi, na tofauti ya bei ikiwa ndogo usiiache.

Tahadhari moja. Madabodi ya zamani ya AM4 haiitambui prosesa mpya mpaka BIOS yake (programu ya msingi inayoiwasha mashine) isasishwe, na ili kuisasisha mara nyingi unahitaji kwanza prosesa ya zamani iliyo ndani. Usiuze ile ya zamani kabla ya kufanya kazi hiyo. Kuna mtu alikuja na 5600 mkononi na madabodi isiyowaka. Ya zamani alikuwa ameshaiuza asubuhi. Tulizunguka nusu siku kutafuta ya kuazima.

FX-8350 ina viini vinane na bei yake ni ya chini sana. Kuna ubaya gani?

Viini vyake hukaa viwili viwili na kugawana sehemu ya hesabu za desimali, na kila kimoja peke yake ni dhaifu. Gemu nyingi hutegemea sana nguvu ya kiini kimoja. Ongeza kwamba inakula wati 125 na soketi yake ya AM3+ haina pa kupandia. Wateja Marekani waliishtaki AMD kuhusu hesabu ya viini hivyo, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 12.1 kumaliza kesi. Iache.

Xeon za seva ni rahisi mno. Nichukue?

Zipo za aina mbili. E3-1240 v3 na wenzake ni i7 ya kizazi cha 4 kwa jina lingine, na zinaingia kwenye baadhi ya madabodi za kawaida za kizazi hicho. Ukiipata kwa bei ya i5, ni faida. Angalia tu kwamba nyingi hazina kadi ya picha ya ndani.

Aina ya pili ni E5 zinazouzwa pamoja na madabodi za X79 au X99 zisizo na jina, zenye viini kumi na zaidi. Kwa kuhariri video ni sawa. Kwa gemu, viini vingi vyenye kasi ndogo havikusaidii, na madabodi ikifa hupati mwenzake.

Sina hela ya kadi ya picha kwa sasa. Nifanyeje?

Chukua Ryzen yenye G. 5600G ndiyo bora kati ya zinazopatikana kirahisi. 3200G na 3400G ni za kuanzia. Hizi hukopa RAM ya mashine kama kumbukumbu ya picha, kwa hiyo weka vijiti viwili vinavyolingana badala ya kimoja kikubwa (sababu iko kwenye swali la RAM). Gemu za mpira na za mashindano utacheza kwa ubora wa chini. Ila ukijua kadi utainunua ndani ya miezi michache, 5600 ya kawaida ni bora: ina akiba ya ndani (cache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo kwenye prosesa) ya megabaiti 32 dhidi ya 16 za 5600G, na gemu huipenda sana akiba hiyo.

## Mashine za ofisi

Nikinunua OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP nikaweka kadi, itakuwa kompyuta ya gemu?

Ndiyo, na kwa watu wengi hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Lakini hapa hununui prosesa. Unanunua kasha, pawa saplai na madabodi ambavyo hutaweza kuvibadilisha kirahisi, na prosesa imo ndani kama zawadi. Vikague hivyo kwanza.

Kasha lipo la aina tatu. Dogo kabisa, la saizi ya kitabu, halina nafasi ya kadi. Liache, tena mara nyingi lina prosesa ya T. La kati, lile jembamba linalolazwa, linakubali kadi fupi za kimo kidogo tu. La mnara ndilo la kulitafuta.

Pawa saplai za yale majembamba huwa na wati 180 hadi 260 hivi, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Hapo umebaki na kadi zinazokula umeme kutoka kwenye tundu la madabodi zinapochomekwa tu, zisizozidi wati 75: GTX 1050 Ti, na zile GTX 1650 zisizo na tundu la waya. Usidhani utabadilisha pawa saplai. Modeli nyingi za Dell na HP hutumia plagi za umbo lao wenyewe. Mtu akikushauri uweke RX 580 humo, muulize waya wa pini nane atautoa wapi.

Kwa Dell, OptiPlex 3060, 5060 na 7060 ni za kizazi cha 8. Kwa HP, EliteDesk 800 G4. Namba hizo zikariri kabla hujaingia dukani.

Nina mashine ya kizazi cha 6. Naweza kutoa i5-6500 nikaweka i5-8400?

Hapana, na hili ndilo kosa linalokula pesa za watu kuliko yote. Soketi zote mbili huitwa LGA1151, prosesa inakaa vizuri kabisa, lakini kizazi cha 8 na cha 9 kinahitaji chipseti (chipu kuu ya madabodi) za mfululizo wa 300. Mashine ya kizazi cha 6 inapanda mwisho i7 ya cha 6, au ya cha 7 kama BIOS inaruhusu.

Kwa ufupi: cha 2 na cha 3 wanashirikiana soketi ya LGA1155, cha 4 ni LGA1150, cha 10 na cha 11 ni LGA1200, cha 12 hadi 14 ni LGA1700. Hata ndani ya soketi moja, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa na modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji.

RAM inahusianaje na prosesa?

Kijiti kimoja cha GB 16 kinampa fundi mlango mmoja wa stoo. Vijiti viwili vya GB 8 vinampa milango miwili. Mashine nyingi za ofisi huja na kijiti kimoja, na mtu anailaumu prosesa wakati tatizo ni stoo. Ryzen zinaumia zaidi na RAM ya polepole kuliko Intel za wakati huo, na zile za G zinaumia kuliko zote.

## Windows, na gemu zinazogoma

Windows 10 imefikia mwisho. Bado ninunue prosesa isiyo kwenye orodha ya Windows 11?

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ukiacha nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa waliojiandikisha. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen ya mfululizo wa 2000, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu au kipengele cha usalama cha mashine. Mtego uko kwa Ryzen 3 2200G na Ryzen 5 2400G: jina linaanza na 2, lakini ndani ni za familia ya kwanza, na hazimo kwenye orodha.

Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine zisizo kwenye orodha, na nyingi zinafanya kazi. Mimi nimefanya. Lakini ukiwa unanunua leo, usinunue shida ya kuizunguka kesho. Mashine uliyo nayo tayari ni habari nyingine, hiyo itumie.

Gemu inakataa kufunguka kabisa, haisemi hata ni nzito. Tatizo nini?

Mara nyingi ni moja kati ya mawili. La kwanza ni seti ya maagizo inayoitwa AVX2. Core i za Intel zilianza kuwa nayo kizazi cha 4, kwa hiyo i7-3770 yenye nguvu ya kutosha inaweza kukataliwa na gemu mpya huku i5-4570 ikipita. Pentium na Celeron za miaka ile hazina, hata kama ni za kizazi cha 4 au cha 6.

La pili ni ulinzi dhidi ya wadanganyifu. Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga inayokagua programu wakati mashine inawaka. Battlefield 6 inadai Secure Boot. Ingia BIOS uviwashe. Kama diski yako ilipangwa kwa mfumo wa zamani wa MBR, utahitaji kuigeuza iwe GPT kwanza, la sivyo Windows haitawaka.

## Dukani

Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Iwashwe mbele yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda kwenye kichupo cha utendaji, soma jina kamili la prosesa pamoja na herufi yake ya mwisho. Hapohapo angalia RAM imejaza nafasi ngapi. Nenda na flashi yenye CPU-Z, programu ya kuikagua prosesa, uiendeshe jaribio lake la kuichosha prosesa kwa dakika kumi huku mkipiga soga. Mashine mbovu hujitaja: inazima, inajiwasha upya, au feni inalia kama pikipiki.

Ukinunua prosesa peke yake, Ryzen za AM4 zina pini kwenye prosesa yenyewe, kwa hiyo igeuze uitazame kwa mshazari; pini moja iliyolala utaiona. Intel za zama hizi pini ziko kwenye madabodi, na hapo ndipo pa kumulika tochi. Prosesa iliyoandikwa "Intel Confidential" ni sampuli ya majaribio, haikukusudiwa kuuzwa. Irudishe mezani.

Pini moja imepinda. Nimeshaua?

Si lazima. Ya AMD hunyooshwa polepole kwa kadi ya benki au bomba la penseli ya risasi za kusukuma. Ya Intel iliyo ndani ya soketi mpe fundi wa simu mwenye hadubini.

Joto la Pwani linaiathiri?

Linaiathiri, ila vumbi na pesti ya kupitisha joto iliyokauka vinaiathiri zaidi. Mashine iliyokaa miaka minane ofisini, pesti kati ya prosesa na hitisinki (chuma cha kuipoza) huwa imekuwa chaki. Intel nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia digrii 100, na utadhani prosesa ni dhaifu kumbe inaungua. Ifungue, ipulize vumbi, paka pesti mpya, kisha ndiyo uihukumu.

## Kesi za pembeni

Nitajuaje kama kinachonibana ni prosesa na si kadi?

Cheza huku ukionyesha matumizi ya kadi kwenye kona ya skrini. Kadi ikiwa juu ya asilimia 95, yenyewe ndiyo inayobana. Ikiwa inacheza kwenye 50 au 60 na fremu bado chache, na hujaziwekea fremu kikomo, inasubiri prosesa. Njia ya pili: shusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zisipoongezeka, jibu unalo. Usiangalie asilimia ya prosesa kwa ujumla. Inaweza kusoma 40 huku kiini kimoja kimefika mwisho.

Kadi mpya kwenye prosesa ya zamani, kuna mtego?

Iko miwili. RX 6400 na RX 6500 XT zina njia nne tu za kupitishia data, zikitegemea kasi ya PCIe 4.0, toleo la njia inayounganisha kadi na mashine. Kwenye mashine za kizazi cha 3 hadi cha 10 cha Intel, ambazo ni PCIe 3.0, zinapoteza sehemu ya nguvu. Ryzen 5 5500 na 5600G nazo ni PCIe 3.0, ingawa ni za juzi.

Mtego wa pili ni kadi za Intel Arc. Zinahitaji Resizable BAR, kipengele kinachoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ambayo Intel huihesabu kuanzia kizazi cha 10 na AMD kuanzia Ryzen 3000. Hata ikiwepo, Arc B580 imeonekana kushuka sana ikifungwa na prosesa za daraja la Ryzen 5 2600. Kwa prosesa ya zamani, GTX au RX ya umri wake ndiyo inayokaa vizuri.

Nataka kucheza gemu za PS2 na PS3 kwa emuleta, programu inayoiga mashine hizo. Kanuni ni zilezile?

Kwa PS2 nguvu ya kiini kimoja ndiyo inayotawala, na i5 ya kizazi cha 4 inatosha kwa gemu nyingi. PS3 ni mnyama mwingine: inataka viini vingi na vyenye kasi, na chini ya Ryzen 5 3600 utatumia muda mwingi kurekebisha mipangilio kuliko kucheza.

Nina hela ya kitu kimoja tu mwezi huu. Prosesa au kadi?

Fanya kwanza jaribio la 720p hapo juu, halafu hesabu vijiti vya RAM. Nusu ya wanaoniuliza swali hili hurudi na kijiti cha pili cha GB 8 na hela ya mafuta ya kurudi nyumbani.